Meza ya kulia chakula ya mbao mchanganyiko: mwongozo kamili wa kumtengenezea rafiki

Ukitaja meza ya mbao za aina tatu, swali la kwanza utakaloulizwa ni kama mbao hizo hazitasukumana mpaka zipasuke. Hazitasukumana, mradi mambo mawili yawe sawa: unyevu wake na mwelekeo wa nyuzi zake. Mninga, mvule na mkangazi zinaweza kukaa ubavu kwa ubavu kwenye uso mmoja miaka na miaka. Kinachoharibu meza ni ubao mbichi uliounganishwa na mkavu, au ubao uliolazwa kukatiza nyuzi za mwenzake kisha ukapigiliwa misumari, ukakosa nafasi ya kusogea. Karibu kila hatua iliyo hapa chini inatokana na hilo.

Meza tunayoijenga ni ya watu sita: urefu sentimita 180, upana 90, kimo 75. Vifaa vya mkono vinatosha kuifanya. Mwenye mashine atakwenda haraka zaidi, lakini hatua ni zilezile.

Anza na rafiki mwenyewe

Faida ya kumfanyia kazi rafiki ni kwamba unajua anavyoishi. Unajua kama kwake hula watu watatu au wageni hawakauki, na kama watoto wake wataandikia madaftari juu ya meza hiyo. Hata hivyo nenda na futi. Pima chumba, pima upana wa mlango, na pima viti alivyo navyo kuanzia sakafuni mpaka pa kukalia. Kiti cha kawaida kina sentimita 45 hivi, na mtu hula kwa raha uso wa meza ukiwa juu ya kiti kwa sentimita 28 hadi 30. Ndipo kimo cha 75 kinapotoka. Kama viti vyake ni vifupi au virefu kuliko hivyo, badilisha kimo cha meza sasa, kabla hujakata chochote.

Kila mlaji anahitaji kama sentimita 60 za ukingo. Kati ya meza na ukuta acha angalau sentimita 90, ili kiti kiweze kuvutwa nyuma na mtu apite. Usisahau magoti: uso wenye unene wa sentimita 3 na mbao za fremu, zile zinazounganisha miguu chini ya uso, zenye kina cha 10 huacha nafasi ya 62 kutoka sakafuni, na hiyo inatosha. Fremu ikizidi kina cha 12, watu warefu watalalamika kila siku.

Muulize pia anapenda rangi gani, ila usimwachie achague mbao kwa jina. Mpelekee vipande vilivyopigwa randa na kupakwa mafuta. Mbao kavu isiyopakwa kitu haionyeshi sura yake halisi.

Kuchagua mbao

Hapa ndipo meza inapopatikana au kukosekana, kwa hiyo usiwe na haraka.

Ushauri wangu ni aina mbili, zisizidi tatu. Moja itawale, ichukue zaidi ya nusu ya uso, na nyingine ziisindikize. Uso wenye aina tano huonekana kama masalia ya karakana hata ukiunganishwa kwa ustadi. Miguu na fremu zitoke kwenye aina moja, ikiwezekana ileile inayotawala juu.

Mninga ndio ningeutanguliza. Husogea kidogo sana unyevu unapobadilika, unapigika randa vizuri, na rangi yake ya kahawia yenye michirizi hubeba uso mzima bila kuchosha macho. Jihadhari tu na mbao nyeupe ya pembeni, ile iliyo nje ya kiini: wadudu huipenda, kwa hiyo ikate yote. Mvule ni imara na hupatikana katika vipande vipana, lakini ndani yake mara nyingine mna chembe ngumu za chokaa zinazoharibu makali ya randa kwa pigo moja, na rangi yake huanza manjano ikaishia kahawia baada ya kukaa kwenye mwanga. Mkangazi ni mwepesi kidogo na una wekundu mzuri, ila nyuzi zake hupishana, safu moja ikielekea huku na inayofuata kule, kwa hiyo hung'oka vijipande chini ya randa butu. Mtiki, wengine wakiuita msaji, una mafuta ya asili yanayoilinda mbao lakini yanazuia gundi kushika; dawa yake nitaieleza tukifika kwenye gundi. Mkongo ni mgumu na mtulivu, lakini vitundu vyake vina rangi ya manjano inayoweza kuchafua kitambaa chenye majimaji, kwa hiyo ningeutumia kwa miguu kuliko juu panapotandikwa vitambaa vya meza. Paini ni laini, hubonyea kwa sahani tu, na ikiwekwa pembeni ya mbao ngumu itachakaa peke yake. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini. Ukiutaka, uwe ukanda mwembamba wa pambo tu.

Kwa nchi za baridi, mwaloni huchukua nafasi ya mninga vizuri.

Mbao kuukuu kutoka milango, vitanda au paa zilizobomolewa ni hazina, kwa sababu zimekwisha tulia. Zipitishie sumaku kwanza ili kunasa misumari iliyojificha. Ukinunua mpya, nunua zenye kibali cha uvunaji. Miti hii haioti kwa mwaka mmoja.

Kwa uso wa unene wa sentimita 3, nunua mbao ghafi za 4, zenye upana wa 10 hadi 15. Ongeza robo nzima juu ya hesabu yako kwa ajili ya nyufa, vifundo na ncha za kukatwa. Miguu minne ni ya sentimita 8 kwa 8, urefu wa 72. Mbao za fremu ni nne, unene wa 2.5 na kina cha 10: mbili ndefu za 164 na mbili fupi za 74, vipimo ambavyo tayari vina ndimi za kuingia kwenye miguu.

Unyevu: hatua isiyorukwa

Mbao hutanuka na kunywea kwa upana. Kwa urefu mabadiliko ni madogo mno kuhesabika. Uso wa sentimita 90 uliotengenezwa kwa mbao za kawaida zilizopasuliwa ubapa unaweza kubadilika kwa milimita 9 hivi unyevu wake ukipanda au kushuka kwa asilimia 4. Mbao zilizopasuliwa kuelekea kwenye kiini husogea karibu nusu ya hapo. Huo ni mwendo mkubwa, na hakuna skrubu inayoweza kuuzuia.

Kwa meza ya ndani, lenga unyevu wa asilimia 8 hadi 12 kulingana na hali ya hewa ya mahali itakapokaa. Muhimu kuliko tarakimu yenyewe, mbao zote zitofautiane kwa asilimia 2 tu au chini ya hapo. Ukiwa na kipima unyevu, pima katikati ya kila ubao baada ya kukwangua juu, maana ncha hukauka kabla ya sehemu nyingine na zitakudanganya.

Huna kipimo? Kata kipande kidogo mbali na ncha ya ubao, kipime kwenye mizani ya gramu, kisha kikaushe kwenye oveni kwa nyuzi joto 103 hivi, ukikipima tena na tena mpaka uzito usishuke tena. Toa uzito mkavu kutoka ule wa mwanzo, gawanya kwa uzito mkavu, zidisha kwa 100. Kipande kilichoanza na gramu 115 kikaishia 104 kilikuwa na unyevu wa asilimia 10.6. Rudia kwa kila aina, kwa kuwa mvule na mkangazi zilizolala stoo moja hazikauki kwa kasi moja.

Baada ya hapo zipange ndani ya chumba chenye hali kama ya kwa rafiki yako, kila safu ikitenganishwa na vijiti vya unene mmoja ili hewa ipite pande zote. Ziache wiki mbili au tatu. Zipige randa nusu ya kazi, ziache tena siku chache, ndipo umalizie. Ubao wenye nia ya kupinda utapinda katika muda huo, na ni heri upinde stoo kuliko ukiwa mezani.

Kupanga uso

Tandaza mbao zote sakafuni zikiwa zimesawazishwa. Tofautisha upana: zikilingana zote utapata mistari kama ya shuka. Ubao mweusi kuliko wenzake ukiwekwa ukingoni huonekana kama fremu, ukiwekwa katikati hugawanya meza mara mbili. Mimi huuweka theluthi moja kutoka ukingo. Piga picha kwa simu, iondoe rangi ibaki nyeusi na nyeupe, na utaona mara moja kama giza na mwanga vimekaa sawa. Rangi hudanganya macho, na kumbuka mvule utaendelea kukolea baada ya meza kukabidhiwa.

Angalia mwelekeo wa nyuzi kwenye ubavu wa kila ubao na jaribu kuzielekeza zote upande mmoja, la sivyo kupiga randa uso mzima kutakuwa mateso. Ukiridhika, chora pembetatu moja kubwa kwa penseli ikikatiza mbao zote. Zikichanganyika, pembetatu hiyo itakuonyesha kila moja ilipokuwa.

Kunyoosha kingo na kuunganisha

Tumia randa ndefu kuliko zote ulizo nazo. Chukua mbao mbili zitakazopakana, zikunje kama kitabu kinavyofungwa, sura za juu zikitazamana, zibane pamoja na upige randa kingo zote mbili kwa mpigo. Randa ikilala upande kidogo, kosa la ubao huu hufutwa na la mwenzake ukizifungua, na uso utakuwa tambarare. Simamisha mmoja juu ya mwingine mbele ya dirisha. Mwanga usipite kwenye ncha. Katikati uache upenyo mwembamba kuliko karatasi. Klampu, yaani vibano vya kubania mbao, zitaufunga, na ncha, ambazo hunywea kwanza, zitabaki zimebanwa.

Panga kila kitu pakavu, bila gundi, na ubane klampu mpaka mwisho. Ukihitaji nguvu nyingi kufunga mwanya, rudi kwenye randa. Klampu hazirekebishi ukingo mbaya.

Gundi nyeupe au ya manjano ya mbao inatosha kabisa. Kingo zenye mtiki zifute kwa kitambaa safi chenye asetoni dakika chache kabla ya kupaka, ili kuondoa mafuta yaliyo juu. Unganisha mbao mbili au tatu kwa mara moja, usijaribu uso wote, kwani gundi hiyo huanza kushika ndani ya dakika kumi hivi. Paka safu nyembamba kingo zote mbili. Weka klampu kila sentimita 20 hadi 25, moja juu na inayofuata chini, ili zisiukunje uso. Chini ya kila klampu ya chuma weka karatasi ya nailoni, kwa sababu chuma na gundi mbichi huacha doa jeusi kwenye mbao nyingi ngumu.

Matone ya gundi yatatokeza mstari mzima, na hiyo ndiyo dalili njema. Usiyafute kwa kitambaa kilicholoa. Utaisukuma gundi ndani ya vitundu na itajitokeza kama ukungu ukipaka mafuta. Subiri yawe kama mpira, nusu saa na kidogo, kisha yakwangue kwa patasi kuukuu. Acha klampu usiku mzima.

Halafu subiri tena, siku kadhaa. Maji ya gundi huvimbisha mbao pembeni ya kiungo. Ukisawazisha kesho yake utakata uvimbe huo, na baada ya wiki mbili mstari wa kiungo utakuwa umezama kama mfereji mdogo unaoonekana kwa taa ya pembeni.

Fremu na miguu

Wakati uso unatulia, tengeneza fremu. Kiungo ni ulimi na shimo, nami sioni sababu ya kutumia skrubu pekee kwenye meza inayokusudiwa kukaa miongo. Shimo huchongwa kwanza, ulimi hufuata kipimo cha shimo. Ulimi uwe theluthi ya unene wa mbao ya fremu, yaani milimita 8, na urefu wa sentimita 5. Kwenye mguu wa 8 kwa 8, mashimo mawili ya kona moja hayatakutana mradi uyasogeze karibu na sura za nje za mguu; ukiyaweka katikati yatagongana. Usilichonge shimo mpaka kichwani mwa mguu. Acha sentimita 2 juu, la sivyo mguu utapasuka hapo mtu atakapoegemea meza.

Toboa kwa drili kwanza, malizia kwa patasi. Ulimi ulio sawa huingia kwa kusukuma kwa mkono na kugongwa kidogo mwishoni. Ukihitaji nyundo toka mwanzo, umebana mno.

Kabla ya kuunganisha, chonga mfereji ndani ya kila mbao ya fremu, milimita 12 chini ya ukingo wa juu. Utauhitaji baadaye. Unganisha pande mbili fupi kwanza, zikikauka ndipo uunganishe ndefu, na kila mara pima mishazari miwili: ikilingana, kona za fremu ni pembe mraba.

Kusawazisha uso

Weka vijiti viwili vilivyonyooka kwenye ncha mbili za uso na uchungulie juu yake. Visipokuwa sambamba, uso umesokoteka. Piga randa kwa mshazari kutoka kona zilizo juu mpaka vijiti vilingane, kisha malizia kufuata nyuzi. Kwa mkangazi na mvule, noa wembe wa randa upya na toa maranda membamba unayoweza kuona mwanga kupitia. Panapoendelea kung'oka, tumia bamba la chuma la kukwangulia.

Msasa uanze namba 80 au 100, kisha 120, 150, 180. Ufunge kwenye kipande kigumu cha mbao bila sifongo wala mkono mtupu: ukiubonyeza kwa vidole, mbao laini italika haraka kuliko jirani yake mgumu na uso utakuwa na mawimbi. Chora mistari ya penseli juu ya uso mzima kabla ya kila namba. Ikifutika yote, endelea na inayofuata. Vumbi jekundu huingia kwenye vitundu vya mbao nyeupe, kwa hiyo linyonye kwa mashine au lipulize mara kwa mara, na usilifute kwa kitambaa kibichi. Vaa barakoa nzuri muda wote. Vumbi la mvule na la mninga huwasha ngozi na kifua.

Kata ncha baada ya haya yote, ukiwa umechora mstari kwa kisu ili nyuzi zisichanike. Punguza makali ya kingo kidogo kwa randa, maana mikono ya watu itapumzika hapo.

Kufunga uso kwenye fremu

Tengeneza vishikizo vya mbao ngumu, kama kumi, kila kimoja kikiwa na pua inayoingia kwenye mfereji wa fremu. Kishikizo hufungwa kwa skrubu chini ya uso; pua haina gundi, inateleza. Kwenye pande ndefu acha milimita 5 kati ya kishikizo na fremu, kwa kuwa huko ndiko uso utakakoenda na kurudi. Katikati ya kila upande mfupi weka skrubu moja isiyosogea, ili mwendo ugawanyike sawa kulia na kushoto.

Faida nyingine: uso peke yake una uzito wa kilo 30 na kitu, na kwa bisibisi tu utatenganishwa na fremu ukifika kwenye mlango mwembamba.

Kupaka

Chagua kulingana na maisha ya rafiki yako. Vanishi ya poliurethani huvumilia maji na watoto lakini ikikwaruzwa ni kazi kuirekebisha. Mafuta ya linsidi au mchanganyiko wa mafuta na nta hulinda kidogo kuliko vanishi, ila mwenye meza anaweza kurekebisha mwenyewe kwa kitambaa. Mimi huegemea mafuta kwa mtu mwenye subira, vanishi kwa nyumba yenye pilikapilika. Poliurethani yenye asili ya mafuta inaweza kuchelewa kukauka juu ya mtiki. Tanguliza safu moja ya shelaki (aina ya vanishi ya utomvu) isiyo na nta.

Jaribu kwanza kwenye kipande cha mabaki chenye aina zote zilizounganishwa. Safu ya kwanza ipake ukifuata ubao mmoja mmoja, ili rangi ya mbao nyekundu isiburutwe juu ya nyeupe. Safu tatu nyembamba zinatosha, msasa laini katikati. Chini ya meza napo pakwe idadi ileile ya safu. Upande mmoja ukinyonya unyevu kuliko mwingine, uso utajikunja.

Vitambaa vyenye mafuta ya linsidi usivikunje na kuvitupa kwenye ndoo. Hupata joto vyenyewe na vinaweza kuwaka moto. Vitandaze nje kimoja kimoja mpaka vikauke vikakamae, au vitumbukize majini.

Kumkabidhi

Beba kwa fremu, msiiburute, miguu italegea. Ikifika, jaribu kila kona. Ikiyumba, mara nyingi ni sakafu, kwa hiyo ihamishe kidogo kabla ya kufikiria kukata mguu. Mwambie asubiri wiki tatu au nne kabla ya kuweka sufuria ya moto hata juu ya kitambaa, kwa sababu mafuta na vanishi huendelea kukomaa baada ya kukauka juu. Mwambie pia asiiweke dirishani kwenye jua la moja kwa moja wala asiache trei palepale kwa miezi ya mwanzo, kwani mbao iliyofunikwa haitakolea kama iliyo wazi. Kama umepaka mafuta, mwachie kichupa cha mafuta yaleyale na kitambaa, umwonyeshe mara moja jinsi ya kupaka: kidogo, kufuata nyuzi, subiri dakika kumi na tano, futa yote yaliyobaki juu.

Msimu wa hewa kavu ukifika, ataona vishikizo vimesogea kwenye mifereji na ukingo wa uso umerudi ndani milimita kadhaa. Mweleze mapema kwamba hivyo ndivyo meza ilivyojengwa, asije akaita mtu wa kuikaza kwa misumari.